Mchomeleaji Apimwa Macho

Mchomeleaji alipoketi katika foleni ya wanaojiunga na jeshi la akiba, macho yake yaliwasha kama yaliyotiwa mchanga. Aliyajua maradhi hayo; ndiyo malipo ya fundi mwenye pupa. Jana mjomba wake, mwenye karakana, alimtoa kazini mapema akapumzike kwa ajili ya vipimo vya leo. Lakini miguu haikutulia, akarudi kwa mlango wa nyuma kushikiza kwa moto bawaba za dirisha. Kinga ya uso aliiona mbali. "Sehemu tatu tu," alijiambia, akawa anafumba macho kila cheche iliporuka, kana kwamba kope ni bati.

Na mwaka huu ndio uliokuwa wa mwisho umri kumruhusu kuandikishwa. Mbio alizimaliza, kifua kilipimwa kikaonekana kizima, yalibaki macho.

Aliyemtangulia alizisoma herufi za ukutani kwa sauti ya mnadi. Mchomeleaji akazishika zote kichwani pasipo kutaka.

"Haya dada, mstari wa chini," alisema daktari wa jeshi.

Herufi zilikuwa ulimini. Ukutani palikuwa na ukungu mtupu. Akawaza: siku ya moto au ya mafuriko, nani atamsomea?

"Sioni, daktari."

"Mbona unalia? Hata vitani hujaitwa."

"Jana nilichomelea bila kinga."

Daktari akamwinua ukope, akasonya. "Fundi mzima, unajiunguza mwenyewe. Kesho asubuhi ndio mwisho wa kupima. Ukiyapumzisha, yatapoa. Ukiugusa moto tena, gwaride utakuja kulitazama kama wageni wengine."

Alasiri ilimkuta chumbani, kitambaa cha maji baridi usoni. Nje nyundo iligonga chuma, na kila pigo lilimwinua kitandani. Mara mjomba akabisha.

"Mpwa wangu, mteja amening'ang'ania kama kupe. Bomba lake limepasuka. Njoo ulishikize mara moja, kinga yako hii hapa."

Mchomeleaji alikwisha kusimama. Mkono ulikuwa kwenye kitasa.

"Mjomba, leo mimi ni askari."

"Wa jeshi gani, la chumbani?"

"Hilo hilo. Na amri niliyopewa ni kukaa."

Mjomba akacheka, akaenda zake akinung'unika. Mchomeleaji akarudi kitandani, akaukalia mkono wa kulia. Kisha, kwa kutouamini, akaukalia na wa kushoto.