Tanbihi ya Barua Asiyoisoma

Saa tatu kasoro asubuhi, sanduku likiwa tayari mlangoni mwa ofisi, profesa alifungua barua pepe kutoka hifadhi ya nyaraka. Ilikuwa picha ya barua ya mpima ardhi, ya miaka tisini iliyopita. Kitabu chake, kile kilichomjengea jina katika siasa za kimataifa, kilisema barua hiyo inaweka mpaka kwenye ukingo wa ng'ambo, yaani mto mzima ni wa nchi yake. Barua yenyewe ilisema katikati ya mto.

Hakuwahi kuishika. Aliitoa kwenye tanbihi ya mwalimu wake, na mwalimu huyo, sasa marehemu, hakuacha neno aliitoa wapi. Kisha wasomi wengine wakamnukuu yeye, naye katika toleo la pili akawataja hao hao kama ushahidi.

Saa sita ujumbe wa serikali ungeruka kwenda kwenye mazungumzo ya mpaka, na mtaalamu wao ni yeye. Miaka ishirini ya kusahihisha mitihani na kugombania kumbi za mihadhara, leo ndipo anaitwa mezani.

Simu ikaita. Mama yake.

"Umebeba sweta?"

"Nimebeba, mama."

"Lile la kijani? La kahawia linakuzeesha."

"Mama, nitakupigia."

Wakili wa serikali akaingia bila kubisha, funguo za gari mkononi. Zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, twende. Waziri hapendi kusubiri."

Profesa alimgeuzia kompyuta. Wakili akasoma, akarudia, akakaa juu ya sanduku.

"Lakini hii uliisoma."

"Sikuisoma."

"Mwalimu! Mwaka wa pili ulinipa sifuri kwa kosa hilihili. Mbele ya darasa zima!"

"Ulistahili."

"Nani mwingine anajua?"

"Mtunza nyaraka. Na wale wa ng'ambo, kama wana akili."

"Kama hawana je?" Alishusha sauti. "Tunaondoka, tunarudi, unapewa ukuu wa idara. Kazi imekwisha."

Profesa alitazama mlango. Wale wa ng'ambo wakiitoa ile barua mezani, nchi itaaibika na hakuna hoja yake nyingine itakayosikilizwa. Wasipoitoa, watanyang'anywa nusu yao ya mto kwa uvivu wake. Akavuta kiti, akaandika mistari sita ya kukiri kosa, akachapa, akatia sahihi.

"Mpe waziri kabla hajapanda."

"Ukinipa hii, ndege huipandi. Idara nayo uisahau."

"Najua. Chukua."

Wakili aliishika karatasi kama kitu cha moto. Kisha akatoa mkobani nakala yake ya kitabu cha profesa, kimejaa alama za rangi, na kalamu.

"Ukurasa wa ngapi?"

"Mia na arobaini na mbili."

Akaukata mstari.

"Ni hilo tu?"

"Bado. Fungua mia mbili na tatu. Na sura ya mwisho yote."