Kelele ya Dakika ya Arobaini

...asafishe au asisafishe, binti yangu kanishikia simu mbele ya uso, fundi yuko hewani anangoja, kanda ya video imechoka, anasema, itavumilia kuchezwa mara moja tu zaidi, ndipo aihamishie kwenye kompyuta, na dakika ya arobaini kuna kelele, Mama, anauliza aiondoe, unasikia, nasikia, mwanangu... kelele hiyo ni mimi, fundi angejuaje, filamu yenyewe, ya yule mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umefungwa, haikupendwa huko ilikotengenezwa, lakini mtaani kwetu watu waliikariri kama sala, maana marehemu mume wangu ndiye aliyeitafsiri, kaketi chumbani, kipaza sauti kakifunga kwa mpira kwenye mguu wa stuli, anatoa sauti zote yeye, ya mume, ya mke, hata ya mbwa, Mungu amrehemu, na pale mtu yule anapobisha hodi kwenye mvua nikafungua mlango wa chumba nikasema, chakula kinapoa, au hao wa kwenye kioo washakula kwa niaba yako, yote yakaingia kwenye kanda, naye kanda nyingine hana, akaiacha hivyo hivyo... basi kwenye ukumbi wa video watu wakawa wanaingojea sehemu ile, wanaisema kwa pamoja, nikipita sokoni muuza mkaa ananiuliza, shemeji, wa kwenye kioo washakula?, siku tatu sikumsemesha mume wangu, nikamwambia nifute, naye zilipokuja sidii akanifuta, akamwaga muziki juu yangu... nakala zote tatu ziko mezani, kanda iko kwa fundi lakini ganda lake ninalo, sidii, na hii diski mpya ya wenyewe walioitengeneza, picha imeoshwa mpaka nimeona kitasa cha mlango, kumbe ni cha shaba, mvua unaisikia tone kwa tone, na mume wangu hamo hata pumzi, mtu yule anabisha, anabisha, kimya, kwenye sidii anabisha, muziki, haitikiwi... Mama, fundi ana wateja, mwambie asubiri, kusubiri hakuui, kinywa nimeshakifungua niseme safisha, maana aibu haizeeki, na maana najua kilichofuata, nilibamiza mlango, nikala changu, na chake nikakila kwa hasira, akalala njaa asiseme neno, hatukulizungumza tena, na tangu tumzike ndilo ninaloungama kila nikipiga magoti, ile sahani... basi sikiliza mwenyewe, anasema binti yangu, kipande alichokijaribu kwanza akakituma ni hiki, ananichomekea kidude cha kusikilizia sikioni, anaminya kompyuta yake, na huyu hapa mimi, mkali, kijana, Mungu wangu, nilikuwa na sauti vile, mlango unabamizwa, paa, na baada ya mlango, mahali ambapo mimi nilishaondoka na ukumbini kicheko kilifunika kila kitu, nasikia kiganja kikisugua kipaza sauti, na mtu anasema, si kwa sauti ya mume wa kwenye filamu, si ya mbwa, kwa yake, ileile, niwekee, mke wangu, nakuja... kisha anakohoa, anarudi kazini, anabisha hodi... niwekee, alisema niwekee, akatoka akakuta masufuria yameoshwa, na mimi miaka yote nikidhani hakunijibu... Mama, unalia, silii, rudisha nyuma kidogo, fundi anauliza, Mama, achague nini, subiri... katika zote tatu ni kwenye kanda tu ambako yule mtu wa mvuani anabisha na mtu anaitika, kwa ukali, kwa maneno ya sokoni, lakini anaitika, mlango unafunguliwa... simu bado iko mbele ya uso wangu, fundi anapumua upande wa pili, mvua ya kwenye kanda inakwaruza sikioni, na neno liko kinywani mwangu, lakini si lile nililoamka nalo