Bomba la Kasri

Katika nchi ya Upyani, kitu kikitimiza miaka miwili huitwa gofu. Milango hubadilishwa kila mwaka ilhali bawaba za zamani hazijalegea, mitaa hupewa majina mapya kabla watu hawajayazoea yaliyotangulia, na kule kilimani, ambako Mtukufu Tamalaki na mawaziri wake huutazama mji kama watu walioandaliwa sahani, kuna kasri lenye chemchemi kumi na mbili zisizo na kazi ila kurusha maji juu na kuyapokea tena.

Kitu kimoja tu kilinusurika na mageuzi hayo: programu ya kompyuta iliyogawa maji ya nchi nzima kwa miaka thelathini na minane. Iliandikwa kwa Kisemi, lugha ya programu iliyochekwa vyuoni kwa sababu maagizo yake yalikuwa marefu, yakisomeka kama mtu anayezungumza na jirani. Mwangalizi wake alikuwa Bi Sinyati, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliijua mstari kwa mstari, pamoja na viraka alivyovitia mwenyewe kila bomba jipya lilipotandazwa.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Mtukufu akatangaza kiangazi: kila nyumba ndoo mbili kwa siku. Bi Sinyati akaliingiza tangazo kwenye kompyuta kama sheria ilivyotaka, na asubuhi iliyofuata chemchemi zote za kasri zilikuwa kavu.

Shombeko, Waziri wa Mambo Mapya, aliteremka hadi ofisini kwa Bi Sinyati akihema.

"Programu yako imeharibika!"

"Haijaharibika, Mheshimiwa. Kuna mstari unaosema kiangazi kikitangazwa, bomba la kasri lifungwe kwanza. Ni amri ya babu yake Mtukufu."

"Ufute."

"Niletee sheria mpya iliyosomwa hadharani, nami nitaufuta leo hii."

Shombeko hakuwa na hamu ya kusoma sheria hiyo hadharani. Aliagiza Mang'ari, chombo kipya cha kuandikia programu kilichosifiwa kila kona, pamoja na mafundi wake wenye viatu vyeupe, kisha akaitisha mkutano uwanjani ili Kisemi kiagwe rasmi.

"Lugha hii imezeeka," alinguruma jukwaani, Mtukufu na mawaziri wengine wakiwa wameketi nyuma yake. "Nani anaielewa siku hizi?"

Bi Sinyati hakubabaika. Aliujua uzito wa Kisemi, maneno yake mengi, na siku zile alizotafuta nukta moja iliyopotea mpaka macho yakamtoka machozi. Lakini hakuwahi kukiona kikimpendelea mtu. Aliomba jambo moja tu: ukurasa wa Mang'ari na ukurasa wa Kisemi zionyeshwe ukutani, sambamba. Shombeko alikubali kwa furaha, maana ule wa Mang'ari ulimetameta kwa alama za rangi saba.

"Nani atatusomea huu wa rangi?" aliuliza Bi Sinyati.

Watu walikodoa macho. Shombeko akakohoa.

"Na ule mwingine?"

Akasimama Tundwe, dobi wa mtaa wa chini, mikono yake ingali na povu. Alisoma polepole, kwa sauti: "Kama ni kiangazi, funga bomba la kasri. Kisha gawa maji yaliyobaki kwa nyumba zote sawasawa." Akawageukia mafundi. "Na kwenye hiyo yenu, mstari huu umo?"

Fundi mmoja alimtupia Shombeko jicho, akainamisha kichwa. "Hatukuambiwa tuuweke, mama."

Uwanja ulivuma. Mtukufu Tamalaki akainuka kitini, akatabasamu kwa shida.

"Wananchi, kiangazi chenyewe hakijawa kikali kiasi hicho."

"Basi nipe neno, Mtukufu," alisema Bi Sinyati, akiivuta karibu kompyuta iliyoonyesha kurasa zile ukutani. "Kama si kiangazi, naingiza hivyo sasa hivi, na kila nyumba itapata maji yake kamili. Kama ni kiangazi, bomba la kasri litabaki limefungwa. Kisemi hakina jibu la tatu."

Aliweka vidole juu ya vitufe, akangoja bila haraka, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Niandike lipi?"

Mtukufu aliwatazama mawaziri wake, nao wakatazama viatu vyao. Na umati wote ukasogea hatua moja mbele, ili usikie vizuri.