Bati la Jikoni

Bati la mama mkwe halikuvuja mahali pa kificho. Kanisa lina mabenchi chungu nzima, na mengi huwa matupu mpaka misa ifike katikati, lakini mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, tone lilichagua upara wa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ta! Mwenyekiti, mtu wa adabu zake, akajipangusa kwa leso na kuendelea kumtazama padri. Likaja la pili. Akasogea kidogo, nalo likamfuata begani kama linamdai. Watoto wa benchi la nyuma wakabana vicheko mpaka mabega yakatikisika.

Upande wa wanawake, mkaza mwana hakuhitaji kutazama juu. Alitazama mkono wa mama mkwe wake ulivyoikaba rozari, akajua mama naye keshaona.

Bati lenyewe lilikuwa na safari yake. Padri alikuwa ameomba kila nyumba itoe bati moja, kanisa liezekwe kabla ya mvua. "Mwenye uwezo wa moja alete moja," alisema, "na mwenye uwezo wa kumi asijifanye ana uwezo wa moja." Watu walicheka, na mabati yakaja. Ila nyumbani kwao pesa ya bati haikuwepo. Mume wa mkaza mwana ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na alichotuma kilimezwa chote na dawa ya kifua ya mama.

"Mama, tumsubiri mwanao arudi," binti alisema.

"Nyumba ya Mungu ingoje lori?"

Wakachukua ngazi. Mama akashika chini, mkaza mwana akapanda juu ya paa la jiko na nyundo.

"Nitoe hili la pembeni, mama?"

"Hilo lina kutu. Utampa Mungu kutu? Toa la katikati, ndilo zima kuliko yote."

"Na sisi tutapikia wapi?"

"Kwani turubai limekufa?"

Basi wakaling'oa lile zima, wakalisugua kwa majivu na mchanga. Kutu halikuwa nayo, lakini moshi wa miaka uliokaa upande wa ndani uligoma kutoka. Wakalibeba kichwani, mmoja mbele mmoja nyuma, na mama akawa anasalimia kila mtu njiani kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Fundi alipomaliza kuezeka, watu wakaanza kuyajua mabati yao kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake. Mwenye mashine ya kusaga akahamia benchi la tatu kwa sababu lake liko juu ya benchi la tatu. Mwalimu wa kwaya akaisogeza kwaya nzima. Padri akatania kwamba siku hizi watu hawakai na familia zao, wanakaa na mabati yao. La mama mkwe liliangukia upande wa wanaume, jeusi peke yake katikati ya yanayong'aa. Matundu ya misumari ya zamani yalipitisha jua, na siku za kiangazi vidoti vya mwanga vilicheza juu ya kichwa cha mwenyekiti. Mama alikuwa akivitazama kwa mbali, na mkaza mwana alikuwa akimtazama mama. Hapakuwa na sala iliyomtulia usoni kama ile.

Sasa mvua imekuja, na matundu yameonyesha tabia yao.

Baada ya misa mwenyekiti akamfuata mama mlangoni. Kazi yake ni kinyozi, na amezoea kuongea na watu taratibu, karibu na sikio.

"Mama yangu, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Juma hili fundi analishusha, tunaweka jipya. Nalinunua mimi mwenyewe."

"Mnalishusha?"

"Tunalishusha, mama. Wewe pumzika."

"Haya. Asante, baba."

Mwenyekiti alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma mama. Njia nzima mama hakufungua kinywa. Alifungua walipofika, kabla hata ya kuvua viatu.

"Mtu akinunua nguo ikambana, huirudisha dukani. Mimi nilikwenda dukani? Nilimpa Mungu. Nani kamtuma kinyozi anirudishie?"

"Mama, amesema kwa wema."

"Wema wake nao unavuja! Jumapili siendi. Nitasali hapa hapa na kuku."

Mkaza mwana akadhani ni hasira za kupita. Hazikupita. Mama alikuwa hakosi misa hata kifua kikimbana, alikuwa akikohoa huku akiimba. Juma lile alichambua mchele bila kuimba. Alisahau chumvi, kisha akatia mara mbili. Jirani alipopita na kuuliza, "Mama, sauti yako iko wapi?", akajibu iko kanisani, inangoja kushushwa.

Yule binti si msemaji. Alipoolewa pale, watu walimwita Kimya, na mama mkwe peke yake ndiye aliyesema mwacheni, huyo anapima kabla ya kukata. Aliona kwamba mama hakulilia kuchekwa. Alililia kwamba kile kitu kizima kuliko vyote alichokuwa nacho kitatupwa nyuma ya kanisa, kiote majani. Na bati likishashushwa, mama hatarudi, maana ni mtu wa neno moja. Akajitanda nguo yake, akaenda kwa kinyozi.

Alimkuta na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Bati jipya lilikuwa limeegemezwa nyuma ya kioo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Kifua?"

"Kifua kizuri, baba. Moyo ndio unakohoa."

Kinyozi akazima mashine.

"Anasema hatakuja kanisani bati likishushwa," binti akaeleza. "Anasema kumrudishia ni kumwambia Mungu hakulitaka."

"Lahaula! Mimi nimesema hivyo?"

"Hukusema, baba. Ndivyo alivyosikia."

"Sasa nifanyeje? Nije na mwavuli misani?"

"Mwenyekiti," mteja akasema, "malizia upande huu kwanza, nitatokaje hivi?"

"Tulia, tunazungumza mambo ya kanisa!"

Binti akatazama chini, kisha akatazama lile bati jipya. "Baba, blanketi likichakaa hulitupi. Unaongeza jingine juu, lile la zamani linabaki mwilini. Fundi hawezi kulilaza hili juu ya lile?"

Kinyozi akaligeukia bati lake. Akauona mpango wote mara moja, pamoja na gharama yake: bati lake jipya litalala juu, litaonwa na kunguru tu, na chini watu wataendelea kuona lile jeusi la moshi. Na yeye, ukweli usemwe, alikuwa amekwisha kuwaonyesha wateja watatu jinsi litakavyong'aa.

"Anaweza," akasema taratibu. Kisha akacheka mwenyewe. "Anaweza! Lakini iwe siri, mwanangu. Kamati ikisikia nimeongeza bati kwa mama, kesho kila mwenye tundu atapanga foleni hapa, na sio kunyoa."

"Siri, baba."

"Na mimi sijasikia," akasema mteja, akishika ule upande wake wenye nywele.

Kumkubalisha mama ndiko kulikokuwa kazi. Binti alimweleza jioni wakiwa jikoni.

"La kwangu linabaki?"

"Linabaki palepale, mama. La juu linalifunika tu."

"Na hilo la juu la nani?"

"La mtu."

"Mtu gani?"

"Amesema asitajwe."

"Ana nywele?"

Binti akashindwa kujizuia, akacheka. Mama naye midomo ikamcheza, lakini haraka akakunja uso, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mkaza mwana akamwacha. Alijua yule mama amezoea kutoa. Kuwekewa kitu juu ya kitu chake kulimpa kazi nzito kuliko kung'oa paa.

"Mwanangu," mama akasema mwishowe, "mwambie huyo asiyetajwa, fundi apigilie taratibu. Hilo ni bati la watu wazima."

Jumapili mvua ikanyesha tangu alfajiri, ikanyesha kama inalipwa. Mama alivaa mapema, akamharakisha binti kana kwamba yeye ndiye aliyegoma. Kanisani akainua macho. Lile jeusi lilikuwa palepale. Vidoti vya mwanga vimezimika, na mwenyekiti ameketi chini yake, mkavu kabisa, anasikiliza Injili kama mtu asiyejua lolote la dunia.

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele akageuka. "Bati lako leo halivuji. Wamelifanyaje?"

Mkaza mwana akabana pumzi.

"Lina mwenzake juu," mama akanong'ona. Mnong'ono wake mama huvuka benchi mbili. "Katoa mwenyekiti. Jipya kabisa, na halionekani. Lakini usimwambie mtu, ametoa kwa siri."

"Mama!"

"Nini? Nimemwambia mmoja. Mtu katoa kitu kizuri namna ile, Mungu peke yake ndiye ajue?"

Mpaka kapu la sadaka linafika benchi la mwisho, neno lilikuwa limelitangulia. Wanawake walinyoosha shingo kumtazama kinyozi, na kinyozi akaanza kushangaa kwa nini anatabasamiwa na kanisa zima. Misa ilipokwisha hakufika hata mlangoni. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa wa kwanza kumshika mkono wa shati.

"Mwenyekiti, hongera! Sasa ndugu yangu, hebu njoo uone hapa benchi la tatu, kuna kijitundu..."

Nyuma yake wawili wengine walikuwa wakingoja zamu.

Kinyozi akatazama juu ya vichwa vyao, akitafuta upande wa wanawake. Mama alimpungia mkono kwa furaha yote, akamshika mkaza mwana wake kiwiko, wakatoka kwenye mvua haraka haraka.