Karatasi Iliyokwama kwenye Foleni

Baba alikuwa fundi redio aliyejitosa kwenye kompyuta uzeeni, na akishapenda kitu hasikii la mtu. Kompyuta yake ya chumba cha nyuma ilitumia mfumo wa Linux. Ya mama, mbele kwenye kaunta ya duka letu la uchapaji, ilikuwa ya Windows, na printa ya duka zima ilichomekwa kwake. Kwa hiyo baba hakuweza kutoa hata ukurasa mmoja mpaka mama awe amewasha mashine. Mama alilijua hilo, na alilitumia.

Wiki tatu baba alifoka peke yake akijaribu kuziunganisha. Siku alipofaulu, karatasi ya kwanza iliyomtokea mama mbele ya wateja ilisema: "Bosi, chai." Tangu hapo hakuacha. Walitenganishwa na hatua sita, lakini hakuita, aliprinti. Mama alijibu kwa kugonga ukuta. Mara moja, hapana. Mara mbili, haya. Nimekulia hapo, na mpaka leo nikisikia printa yoyote ikikohoa, nasubiri ukuta ujibu.

Siku ya mwisho waligombana. Baba alifungua printa kuisafisha bila kuuliza, kazi za wateja zikachafuka wino. Mama akazima kompyuta yake, akakunja mikono.

"Leo utaprintia hewani, Mhandisi."

Alasiri baba akaanguka, akapelekwa hospitali, hakurudi. Kompyuta yake tuliizima jioni ile, hatukuiwasha tena. Mwaka mzima mama amekuwa na neno moja: "Aliondoka na kinyongo na mimi." Nilimwambia baba hakuwa mtu wa vinyongo. Nilikuwa najichosha bure.

Mwezi huu tulikubaliana kompyuta ya baba tuipe shule. Mama alitaka kitu kimoja tu kutoka humo: picha yao ya siku ya kufungua duka, maana ile ya karatasi ililowa mvua ikaharibika. Ningeihamisha kwa flashi nikamaliza. Mama akagoma.

"Itoke kama alivyokuwa anazitoa yeye."

"Mama, picha ni ile ile."

"Nimeshasema."

Basi nikakaa kwenye kiti cha baba, kile chenye mguu uliofungwa waya, nikaiwasha kompyuta yake, nikatuma picha. Kimya. Mama alikuwa amenunua kompyuta nyingine, nayo ilikuwa na jina lake jipya kwenye mtandao. Ya baba bado ilitafuta ile ya zamani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nikaandika jina jipya. Ikataka neno la siri la upande wa mama. Nikamuuliza kupitia mlangoni, naye akalitangaza herufi kwa herufi mpaka mteja akacheka.

"Mama! Siri gani hiyo tena?"

"Andika, acha maneno."

Nikaandika huku nimenuna, kisha nikabonyeza foleni ya kazi iendelee.

Printa ikakohoa upande wa pili. Ikatoa karatasi. Ikatoa na ya pili.

Mimi nilituma moja. Nikatazama foleni: kabla ya picha yangu kulikuwa na kazi iliyokwama humo tangu mwaka jana, siku ile ile, saa nane na dakika ishirini mchana. Baba alianguka saa tisa.

Nilipofika mbele, mama alikuwa ameiacha picha kwenye trei. Alishika ile karatasi nyingine kwa mikono miwili. Akanipa.

"Bosi, nimekosa mimi. Ukiisoma hii ina maana umeshawasha mashine, basi na hasira zimeisha. Weka chai, nakuja."

Mteja akauliza kama kazi yake iko tayari. Mama hakumsikia. Alijifuta macho kwa kiganja, akausogelea ukuta wa chumba cha nyuma, akagonga mara mbili.