Mpangaji Asiyelalamika

Wewe uliyemaliza vyumba vyako juzi, rangi haijakauka vizuri, na unatafuta mpangaji mkimya, nisikilize. Mkimya tulikuwa naye kwetu, na nusura tumzike.

Binti yangu alijenga vyumba viwili uani, vikaegemea ukuta wa bafu letu. Cha kwanza alipanga fundi viatu, mtu wa maneno. Mara bati linavuja, mara mlango unakwaruza sakafu. Siku moja binti yangu akamjibu mbele ya watu, "Kama hupapendi hapa, barabara ndiyo hiyo." Fundi akaifuata hiyo barabara kweli, na kigoda chake kichwani.

Cha pili alikuwamo mshonaji, mama wa mtoto anayetambaa. Jioni hiyo hiyo binti yangu akamwambia, "Wewe nakupenda, dada, kwa sababu hunisumbui. Endelea hivyo hivyo." Mshonaji akatabasamu, akainamia cherehani yake.

Sasa mimi nikikaa kibarazani nachambua mchele, macho yangu hayana likizo. Nikaanza kuona jambo. Asubuhi mshonaji anachota ndoo moja bombani. Lakini akianza kumwaga, anamwaga beseni, anarudi, anamwaga jingine, anarudi tena. Nikajiuliza, huyu maji anayatoa wapi? Mtu anamwagaje maji mengi kuliko aliyochota?

Halafu pasi. Siku anahamia nilimwona na pasi ya umeme, nyekundu, waya umeviringishwa vizuri. Sasa yupo uani anapuliza mkaa wa pasi ya chuma, moshi unamtoa machozi, na taa zinawaka nyumba nzima.

"Mwanangu, umeme umemkatia?"

"Sijamkatia chochote. Mama, waache watu na mambo yao."

"Mambo yao yamo ndani ya nyumba yako."

Hapo nikawa nimemtia wasiwasi. Kesho yake akaja na jibu lake: mshonaji anafulia watu nguo mle ndani kwa siri, kajiunganishia bomba. Akatoa ufunguo wa akiba kwenye kabati. "Ameenda kununua vitambaa. Naingia, naangalia, natoka."

"Ukakute nini?"

"Ndiyo naenda kujua!"

Nikaziba mlango. Nisiseme uongo, na mimi nilitaka kujua mpaka vidole vinawasha. Lakini ukishampa mtu chumba, umempa. Kuta ni zako, ndani ni kwake.

"Na akirudi asione sindano yake? Sindano tu! Utaitwa mwizi kwenye nyumba yako mwenyewe, na utajitetea kwa lipi? Mngoje, upige hodi kama binadamu."

Akanuna, lakini akangoja.

Mshonaji aliporudi, mtoto mgongoni, tukapiga hodi. Akafungua mlango nusu, akasimama katikati kama komeo.

"Dada, tunaomba kuona chumba," binti yangu akasema. "Kama sasa huna nafasi, tuambie lini."

"Kuna kosa nimefanya?"

"Hakuna. Ila mama yangu huyu atakufa kwa kutaka kujua."

Mshonaji akacheka kidogo, akatupisha.

Harufu ya unyevu ilitupokea kabla ya yeye kusema karibuni. Kitanda kimevutwa katikati ya chumba. Ukuta wa upande wa bafu letu umelowa mpaka kiunoni, plasta imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Chini yake mabeseni yamepangwa, na matambara yanangoja kukamuliwa. Na soketi, jamani! Ameishonea mfuko wa kitambaa cha maua, na lastiki pembeni, akaivalisha kama kofia ya mtoto mchanga.

"Hii nini, dada?"

"Nilichomeka pasi ikanipiga, mkono ukafa ganzi. Nikaifunika, mtoto asije akaiona akaichezea."

Nikasogeza uso. Mfuko wenyewe ulikuwa unatona maji.

"Usiguse, mama!" Binti yangu akanivuta nguo. Kisha akamgeukia mshonaji. "Mbona hukusema?"

Mshonaji akamtazama bila hasira. "Fundi viatu si alisema?"

Binti yangu alitoka mbio kwenda kuzima swichi kubwa, ndala moja akaiacha mlangoni.

Fundi bomba alipobomoa, tukaona. Bomba la bafu letu lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta. Kumbe kila tukioga sisi, mshonaji anadeki! Fundi umeme naye aliichomoa ile soketi, akaitazama kutu yake, akamtazama mtoto anavyotambaa pale, akatikisa kichwa. Mshonaji na mwanawe tukawahamishia chumba chetu cha wageni mpaka ukuta ukakauka.

Kwa hiyo wewe unayeanza, siku ya kukabidhi ufunguo usimwambie mtu "usinisumbue." Mwambie, "Kikiharibika kitu, niite." Na akikuita, nenda, hata kama ni kitasa. Asipokuita kabisa, muulize. Kimya kingi kina mshindo, na huo mshindo utaangukia mtoto wa mtu.

Juzi tulikuwa tumekaa, mlango ukagongwa. Mshonaji.

"Samahani, dada. Kitasa kinakwama. Na lile dirisha…"

Nikaona uso wa binti yangu unaanza kukunjamana, yale yale ya zamani. Nikakohoa. Akanitazama, akautazama ukuta wa bafu na lile baka la simenti mpya, akashusha pumzi.

"Dirisha limefanyaje?" akauliza, anatafuta ndala zake.

Wakaongozana uani. Nikaweka ungo wangu chini, nikawafuata. Kwani limefanyaje?