Maneno Yetu Yafanane

Nikisikia mtu anasema kidole kimoja hakivunji chawa, natamani kumzaba kibao. Si kwamba methali ni ya uongo. Mimi mwenyewe nimeisema sana, nimekaa kwenye kona ya intaneti kafe ya binamu yangu Muzammil, pale Kaloleni, tukisomea digrii ya teknolojia ya kompyuta. Chuo kilikuwa ng'ambo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona hata geti lake. Kati yetu na chuo kulikuwa na waya, waya ulitegemea umeme, na miaka ile ya mgawo umeme ulikuwa unakuja ukijisikia.

Tulikuwa watatu. Mimi Nusura nilikuwa kibarua wa kuchapa barua kwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Lerionka alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mtoto wa mwinjilisti, mrefu, mpole mpaka anakera, na kichwa chake kwenye hesabu na programu, wallahi, sijaona kingine. Sifael alitoka Akheri. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kweli.

Digrii ile mimi nilikuwa naitaka kwa meno. Kampuni ilikuwa inaanzisha kitengo cha kompyuta ili wageni waanze kuweka nafasi kwa mtandao, na meneja wetu, Mzee Aristides, alishaniita ofisini kwake.

"Nusura, kiti cha mkuu wa kitengo nakuwekea wewe," alisema. "Kazi najua unaiweza. Ila wakurugenzi wanataka kuona digrii. Niletee kabla ya mwaka mpya."

Nilimwambia mama. Kosa kubwa! Mama yangu, Bi Salha, kumwambia jambo ni sawa na kulitangaza msikitini. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba Nusura anasoma Ulaya hapo hapo kwa Muzammil, na mwakani anakuwa bosi. Wauza mchicha wakaanza kuniita meneja, na mimi, mjinga, nilikuwa naitika.

Tulisoma Jumapili mchana, Lerionka akishatoka kanisani. Jenereta ya Muzammil ilikuwa ndogo, ukiunganisha kompyuta mbili inakohoa na kuzima, kwa hiyo tulitumia moja. Kazi tuligawana. Lerionka anatatua swali, Sifael anaweka majibu kwenye Kiingereza kinachoeleweka, mimi nachapa. Kisha natuma mara tatu, kila mara kwa jina la mmoja wetu.

Msinikunjie uso. Hatukuwa wezi. Lerionka alikuwa na sheria yake, kwamba jibu halitumwi mpaka kila mmoja aweze kulieleza. Anachukua chaki, anachora kwenye sakafu ya saruji, anakupa chaki, anasema haya, nifundishe. Siku moja alinirudisha mwanzo mpaka nikamtukana tusi la Kaloleni, lile lenyewe.

"Tukana, dada," akasema, "halafu ueleze tena."

Nikaeleza. Mpaka leo naweza kueleza.

Kosa liko wapi hapo? Kwao Lerionka kisima kinachimbwa na ukoo. Kwao Sifael mfereji unasafishwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na asiyetokea anasemwa. Kwetu jirani akiwa na shughuli, masufuria yanatoka kila nyumba. Sasa utasomaje peke yako kama mchawi, na mwenzako yupo pembeni yako anajua?

Lilibaki somo moja tu. Ilikuwa Oktoba, maua ya mijakaranda yamejaa njiani mpaka yananata kwenye ndala, na mimi moyoni nilishakaa kwenye kile kiti. Muzammil akawasha jenereta, nikafungua barua pepe, nikakuta ujumbe wa chuo. Wenzangu nao walikuwa na ujumbe kama huo. Chuo kilisema kazi zetu zilifanana neno kwa neno tangu mwaka wa kwanza na zilitoka kwenye mashine moja. Akaunti zimesimamishwa. Kila mmoja alete maelezo yake ndani ya wiki moja, ndipo kamati iamue kama tunamaliza au tunafukuzwa.

"Walitaka zitoke kwenye mashine ngapi?" nikapiga kelele. "Waje waione hii jenereta! Waje wanuse na petroli yake!"

Sifael alikuwa analia. Lerionka alisoma ujumbe, akarudia, akasema kila mtu aende nyumbani aandike, Jumapili tukutane tutume.

Niliandika mezani kwa mama, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Niliandika habari za mgawo, jenereta, chaki, hata tusi nililomtukana Lerionka nililiandika. Niliandika kwamba kama hawaamini waniulize swali lolote, sasa hivi, peke yangu. Machozi yalinitoka na karatasi ikalowa pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza katika masomo yale yote kuandika kitu ambacho Sifael hajakigusa.

Jumapili Lerionka akasoma karatasi zote tatu. Yeye alikuwa ameeleza habari za kisima. Sifael alikuwa ameomba radhi kwa adabu, na ameeleza jinsi tulivyogawana kazi. Mimi na matusi yangu.

"Hapana," Lerionka akasema. "Hazifanani."

"Sasa zifanane za nini?" nikamuuliza.

"Dada, kwetu wazee wakikaa kwenye kesi wanawatenga mashahidi. Wanamsikiliza mmoja mmoja. Maneno yakipishana, hata kidogo, wote ni waongo. Hawa nao si wametutenga? Kila mmoja peke yake, wamesema. Wanatupima hao. Maneno yetu yafanane."

Sifael akakubali haraka, akasema hata kwenye baraza la wazee wa usharika wao ni hivyo hivyo. Na mimi nikakumbuka kesi ya nyumba ya baba mdogo. Shahidi mmoja alisema waliandikishana Alhamisi, mwingine akasema Ijumaa, na nyumba ikaenda. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nikasema kweli, ukweli ni mmoja, tuseme neno moja.

Tukachukua ya Sifael, maana ilikuwa na Kiingereza kizuri. Tukaongeza kisima cha Lerionka kidogo na chaki yangu kidogo. Tusi tukaliondoa. Nikachapa, nikatuma mara tatu, nikibadilisha jina tu. Lerionka akaomba, mimi nikaitikia amina na wao. Karatasi yangu ilibaki juu ya meza, Muzammil akaichukua akafutia oili ya jenereta.

Jumapili iliyofuata jibu lilikuwa limefika. Nilimwachia Sifael asome kwa sauti, maana ndiye mwenye Kiingereza. Kamati iliomba maelezo matatu, ikapokea moja mara tatu. Hata utetezi wetu tumenakiliana. Tumefukuzwa, na alama zetu zote zimefutwa.

"Lakini tumesema kweli," Lerionka akasema. Kisha akasema tena, "Lakini si tumesema kweli?"

Nikaipiga keyboard ngumi, Muzammil akaniambia Nusura, hiyo mali ya watu. Nikatoka nje nikalia barabarani, na wauza mchicha wakiniangalia. Niliandika tena kwa chuo, peke yangu. Hawakujibu.

Mzee Aristides nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Alivua miwani.

"Mimi nakujua, Nusura," akasema. "Wakurugenzi hawakujui."

Kiti kile alikaa kijana kutoka Dar. Si kijana mbaya, ananisalimia vizuri, ananiita dada. Barua zake nachapa mimi. Mama naye ilimchukua muda kuacha kusema mwanangu yuko mwaka wa mwisho, na mimi sikuwa na moyo wa kumkataza. Siku alipoacha, aliacha kimya kimya, na hiyo iliniuma kuliko yote.

Sifael bado anafundisha Akheri. Nasikia mwanafunzi akinakili kwa mwenzake anamchapa mpaka wazazi wanakuja kulalamika. Lerionka alirudi kwenye ng'ombe wa baba yake. Nilimwona mara moja sokoni, na shuka lake, na kile kichwa chote kile.

"Dada Nusura," aliniuliza, "wale watu walitaka tufanye nini?"

"Sijui, mdogo wangu," nikamwambia. Kweli sikujua.

Basi mwaka mwingine ukaja, mgawo ukaisha, mashine zote za Muzammil zikawa zinawaka, kila mteja na yake. Siku moja nafungua barua pepe, nakuta ujumbe wa chuo. Nadhani walisahau tu kulitoa jina langu mahali fulani. Mwanafunzi wetu mpendwa, tunakusanya uzoefu wa wanafunzi wetu wanaosomea digrii mtandaoni. Tushirikishe safari yako, kwa maneno yako mwenyewe.

Nilicheka mpaka mtu wa jirani akageuka. Kisha nikaandika. Niliandika yote, jenereta, chaki, kisima, Alhamisi na Ijumaa, na tusi nikalirudisha mahali pake. Kiingereza kilipokataa nililazimisha. Hakuna aliyeninyooshea hata neno moja. Nilisoma nilichoandika, na kilikuwa changu, kila kosa langu, na moyo ukanidunda kama wa mtoto siku ya matokeo. Nikabonyeza kutuma.

Fomu yao ikaniuliza namba ya mwanafunzi. Nikaiweka, naijua kwa kichwa. Ikanijibu kwamba mwanafunzi mwenye namba hiyo hayupo. Nikaiweka tena polepole. Hayupo.

Muzammil akaniuliza kama nimemaliza, kuna mteja anasubiri. Nikamwambia nimemaliza.